Saburi ya Mkulima Asiyevuna: Tumaini na Ukuaji wa Kiroho katika Masisi na Walikale

Mafundisho ya Kikristo kuhusu ukuaji wa kiroho, yaani mwendo ambao kwa huo mwamini hufananishwa na Kristo hatua kwa hatua katika mawazo, maneno na matendo yake, yameipa saburi nafasi ambayo fadhila chache zimepewa. Barua za Agano Jipya huitaja pamoja na imani na upendo, watawa wa kale waliifanya kipimo cha unyenyekevu, na wahubiri wa kila zama wameipendekeza kwa wagonjwa, kwa wafiwa na kwa maskini. Katika teritwari za Masisi na Walikale, ambazo ni wilaya mbili za Mkoa wa Kivu ya Kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, fundisho hilo linakutana na swali zito, kwa sababu dhiki iliyowapata watu wa huko, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya mikono ya watu. Mauaji yaliyoanzia katika soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993 yalienea hadi Masisi na kuua maelfu; tangu hapo vita vimekwisha na kuanza upya kwa majina mengine, hata mji wa Masisi ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 4 Januari 2025, na Walikale nayo ikashikwa kwa muda mwezi Machi mwaka huohuo. Mkristo wa huko anapoambiwa asubiri, anasubiri nini, na kwa kumtumaini nani, ikiwa uovu unaompata una wenyewe, na wenyewe wanafaidika? Na je, kusubiri huko kunamkuza au kunamdumaza?

Kabla ya swali hilo kujibiwa, maneno mawili hayana budi kuwekewa mipaka. Saburi, kwa maana inayotumika hapa, ni kudumu katika jema wakati maumivu hayajaondoka na matunda hayajaonekana. Kwa hiyo haipimwi kwa wingi wa miaka ambayo mtu ameteseka, kwa kuwa kuteseka kunaweza kumpata yeyote, mwema na mwovu, pasipo yeye kuchagua. Tumaini ni kumkabidhi Mungu ile sehemu ya jambo iliyo nje ya uwezo wa binadamu, pasipo kuiacha sehemu iliyo ndani ya uwezo wake. Fadhila hizi hukua pamoja na hudhoofika pamoja: saburi isiyo na tumaini huishia kuwa ganzi ya moyo, na tumaini lisilo na saburi huishia kuwa biashara, ambamo mwamini humdai Mungu malipo kwa tarehe aliyoipanga mwenyewe.

Andiko linalosomwa sana kuhusu jambo hili ni sura ya 5 ya Waraka wa Yakobo, ambamo waamini wanaelekezwa kumtazama mkulima azisubiriye mvua za misimu miwili kabla hajavuna. Mfano huo hauhitaji ufafanuzi Masisi, ambako wakulima wa milimani hupanda maharage, mahindi na viazi mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza karibu na mwezi Septemba na mara ya pili karibu na Februari, na ambako hata mtoto anajua kwamba mbegu haiharakishwi. Lakini mkulima wa Masisi anajua pia jambo ambalo mfano huo haukulisema: kwamba aliyepanda anaweza kukimbia risasi wiki chache kabla ya mavuno, akalala katika darasa la shule au katika jengo la kanisa katika mji mdogo wa Sake, au katika kibanda cha turubai pembeni ya mji wa Goma, huku maharage yake yakichumwa na wenye silaha au yakiozea shambani. Msimu ukirudi na njia zikafunguka, hupanda tena. Na huenda akakimbia tena. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba saburi huleta mavuno ni kumwambia jambo ambalo macho yake yamelikanusha zaidi ya mara moja, na mhubiri anayelisema bila kufikiri hujenga imani ya wasikilizaji wake juu ya ahadi ambayo Maandiko hayakuitoa.

Kosa hutokana na pale usomaji unapoanzia. Wahubiri wengi huanzia aya ya 7, penye mkulima, na kuziacha nyuma aya sita zinazotangulia, ambazo ndani yake Yakobo anawashitaki matajiri waliozuia ujira wa vibarua waliovuna mashamba yao, akasema kwamba kilio cha wavunaji hao kimekwisha kufika masikioni mwa Mungu, na kwamba mwenye haki amehukumiwa na kuuawa bila kujitetea. Agizo la kuvumilia linakuja baada ya mashitaka hayo, na limeunganishwa nayo moja kwa moja. Linawaendea watu ambao kesi yao imeshafikishwa mbele ya hakimu wa mwisho, na kuwaambia wasiiondoe kesi hiyo wala wasiihukumu wenyewe kwa upanga. Isitoshe, baada ya mkulima, Yakobo anataja vielelezo vingine viwili vya saburi: manabii na Ayubu. Manabii waliteseka kwa sababu walisema. Ayubu naye, tangu sura ya 3 ya kitabu chake, alilalamika, akauliza, akamwita Mungu mwenyewe mahakamani, akakataa maelezo ya rafiki zake waliotaka akiri kwamba mateso yake ni stahili yake. Na mwishoni, katika sura ya 42, Mungu anatamka kwamba ni Ayubu aliyesema yaliyo sawa juu yake, na kwamba rafiki zake, watetezi wale wa ukimya, walikosea. Kanisa lililopokea kielelezo hicho haliwezi, kwa haki, kuifanya saburi kuwa jina lingine la kunyamaza.

Inafaa ikumbukwe hapa kwamba vitabu vya mwanzo vya Kikristo vilivyoandikwa mahususi kuhusu saburi viliandikwa Afrika. Tertullian wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Tunisia, aliandika chake karibu na mwaka 200, akikiri tangu mwanzo kwamba anaisifia fadhila ambayo yeye mwenyewe hana, kama mgonjwa anavyoisifu afya. Cyprian, askofu wa mji huohuo, aliandika chake mwaka 256, wakati Kanisa lake lilikuwa limepitia tauni na mateso ya serikali ya Kirumi na maaskofu wenyewe wakigombana, na miaka miwili baadaye alikatwa kichwa kwa ajili ya imani yake. Augustine wa Hippo, mji ambao siku hizi ni Annaba nchini Algeria, aliandika mwanzoni mwa karne ya 5, na akafa mwaka 430 mji wake ukiwa umezingirwa na jeshi la Wavandali. Hakuna hata mmoja kati ya hawa watatu aliyeandika kutoka mahali penye utulivu wa kudumu, na hilo linampa Mkristo wa Masisi sababu ya kuwasoma kama wazee wa nyumbani.

Augustine ndiye anayesaidia kuliko wote katika swali la sasa, kwa sababu aliona hatari ambayo wengine waliigusa tu: kwamba uvumilivu wa mwili na wa moyo, peke yake, hauthibitishi chochote. Mwizi huvumilia usiku wa baridi akimvizia msafiri. Mwenye tamaa ya cheo huvumilia njaa na matusi. Hata Catilina, yule Mrumi aliyefanya njama ya kuipindua jamhuri yake, alisifika kwa kustahimili kiu na kukosa usingizi. Kinachoifanya saburi kuwa saburi, kwa mujibu wa Augustine, ni sababu ambayo mtu anaivumilia dhiki kwa ajili yake. Hoja hiyo ina uzito wa pekee katika nchi ya koltani ya Rubaya, Masisi, na bati ya Bisie, Walikale. Mpiganaji aliyekaa miaka katika msitu wa Walikale, akila anachokipata na kulala mvuani, ana uvumilivu ambao wengi hawana, na mlanguzi anayesubiri miaka ili mgodi ubadilishe mikono ana subira ya kutosha. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba wamekua kiroho kwa sababu hiyo. Kadhalika, mjane anayevumilia njaa ili mayatima wa jirani wapate kula chungu kimoja na watoto wake amefanya jambo ambalo kwa nje linafanana na la mpiganaji, nalo kwa ndani ni kinyume chake kabisa. Augustine anamalizia kwa kusema kwamba saburi ya kweli ni zawadi ya Mungu, isiyochimbwa na binadamu kutoka katika nguvu zake mwenyewe, na hapo ndipo tumaini linapoingia: anayejua kwamba saburi yake amepewa haoni aibu kuiomba kila asubuhi, wala hajivunii mbele ya jirani aliyeishiwa.

Karne nane baadaye Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa Kidominiko, aliiweka saburi chini ya ushujaa, akafundisha kwamba kazi yake ni kuulinda moyo usishindwe na huzuni kiasi cha kuliacha jema. Katika mjadala huohuo alijibu pingamizi ambalo hata leo linatolewa, kwamba mwenye saburi hapaswi kumpinga anayemtenda mabaya. Jibu lake ni kwamba kumpinga mtenda maovu, panapokuwa na haja, hakupingani na saburi, na analitegemeza kwa maneno aliyoyahesabu kuwa ya Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli, yanayotenganisha uvumilivu wa dhuluma aliyotendewa mtu mwenyewe, ambao unastahili sifa, na uvumilivu wa dhuluma aliyotendewa Mungu, ambao ni uovu. Msomaji wa Masisi anaweza kuendeleza hoja hiyo hatua moja: kama binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi kilichotendwa katika vijiji vya Luvungi na jirani zake, Walikale, mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2010, ambako mamia ya wanawake, pamoja na watoto, walibakwa na makundi yenye silaha, kilitendwa dhidi ya Mungu pia. Kulivumilia jambo la aina hiyo kwa ukimya, hasa kwa mtu ambaye halikumpata yeye, hakustahili kuitwa fadhila.

Wapo wanaosema kwamba mateso yenyewe hukuza, na kwamba watu wa Kivu, kwa kuwa wameteseka sana, lazima wawe wamekomaa sana. Maneno hayo husemwa kwa nia njema na watu wa mbali, lakini hayana ukweli. Mtume Paulo, katika sura ya 5 ya Waraka kwa Warumi, anapoupanga mfuatano unaoanzia katika dhiki na kuishia katika tumaini, anauegemeza wote juu ya upendo wa Mungu uliomiminwa mioyoni kwa njia ya Roho Mtakatifu. Ukiuondoa msingi huo, dhiki inaweza kuzaa chuki, ulevi, kisasi au kimya cha kudumu. Vijana waliokua katika kambi wakaingia katika makundi ya silaha ni ushahidi wa kutosha. Wanyanga wa Walikale walilijua jambo hili kwa njia yao kabla ya wamisionari kufika. Simulizi yao kuu ya Mwindo, ambayo Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956 na ambayo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliichapisha mwaka 1969, inamwonyesha shujaa aliyezaliwa akitembea na kusema, aliyeshinda kila vita, hata vita dhidi ya baba yake aliyetaka kumwua, na ambaye hata hivyo hakuwa bado mtawala anayefaa. Baada ya kumwua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, yaani Radi, alipandishwa juu mbinguni akakaa mwaka mzima akipigwa na mvua, baridi na jua, asiweze kufanya lolote kwa nguvu zake za zamani; aliporudi ndipo alipowapa watu wake sheria za kuishi pamoja. Simulizi hiyo si ya Kikristo, na isilazimishwe kuwa hivyo. Hata hivyo inafundisha kwamba mateso yalimfaa Mwindo kwa sababu yalimvua kiburi na kumrudisha kwa watu wake akiwa na jukumu, jambo ambalo makatekista wa Walikale wangeweza kulianzia badala ya kutafuta mifano ya mbali.

Mahali ambapo swali la saburi limeulizwa kwa ukali kuliko kote Masisi ni pengine monasteri ya Mokoto. Ilianzishwa mwaka 1954 na watawa Watrapisti wa Scourmont, Ubelgiji, karibu na maziwa ya Mokoto katika nchi ya Bashali. Watrapisti ni watawa wanaoifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwa ukali, na sura ya 58 ya Kanuni hiyo inamtaka kila anayeingia aahidi mambo matatu: utii, kugeuza mwenendo wa maisha, na udumifu, yaani kubaki katika jumuiya ileile hadi kufa. Udumifu ni saburi iliyofanywa nadhiri. Mtawa huahidi kwamba hatatafuta ndugu walio bora zaidi wala mahali penye raha zaidi, kwa kuwa anaamini kwamba atamwona Mungu papo hapo alipo, pamoja na hao hao alio nao. Sura ya 7 ya Kanuni inaifanya saburi katika magumu kuwa daraja la nne la unyenyekevu, na sura ya 72 inataka ndugu wachukuliane udhaifu wa mwili na wa tabia kwa uvumilivu mkubwa. Saburi ya Benedikto, kwa hiyo, huanzia mezani na shambani, kwa ndugu anayekohoa wakati wa sala na kwa yule anayesahau zamu yake, kabla haijafika kwenye mateso makubwa.

Mwaka 1996, vita vya kikabila vilipowaka tena Masisi, mamia ya Watutsi walikimbilia Mokoto wakaomba hifadhi, na watawa wakawapokea. Katikati ya mwezi Mei monasteri ilishambuliwa, na wengi wa waliojihifadhi humo wakauawa, baadhi yao ndani ya kanisa lenyewe. Watawa walilazimika kuyaacha majengo yao na kwenda Goma, na walionusurika kati ya wakimbizi wakavuka kuingia Rwanda. Hapa nadhiri ya udumifu ilionekana kuvunjwa na watu wengine, kwa silaha. Lakini udumifu, kwa mujibu wa mapokeo ya Kibenedikto, unamfunga mtawa kwa jumuiya kabla ya kumfunga kwa ukuta, na jumuiya hiyo iliendelea kuimba sala zake uhamishoni kwa miaka kadhaa, kisha ikarudi Mokoto, katika eneo ambalo amani yake haijatulia hadi leo. Kurudi huko kunastahili kutafakariwa kwa uangalifu. Hakukufuta mauaji, wala hakukuwarudisha waliokwenda Rwanda, ambako kambi ya Kiziba, iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1996, imeona watoto wakizaliwa, wakikua na kuzaa bila kuiona Kongo. Kulichofanya ni kukataa kwamba mauaji yawe neno la mwisho kuhusu mahali hapo. Mtu anaweza kuuliza kama hilo linatosha. Jibu la haki ni kwamba halitoshi, na kwamba saburi ya Kikristo hufanya kazi katikati ya mambo yasiyotosha.

Mauaji ya Mokoto yanafunua pia upande wa tumaini ambao vitabu vya ibada huusahau. Katika nchi ambayo wakazi wake wengi wamebatizwa, haiwezekani kudhani kwamba mikono iliyoua ilikuwa yote ya watu wasiolijua kanisa. Ukristo ulioenea Kivu katika karne ya 20, wa Wakatoliki, wa Wabaptisti, wa Wapentekoste na wa wengine, ulifundisha kumtumaini Mungu kama jambo kati ya roho ya mtu na Muumba wake, na haukutia mkazo wa kutosha juu ya kuaminiana kati ya Muhunde, Mhutu, Mtutsi, Mnyanga na Mtembo wanaokaa benchi moja. Waraka wa Kwanza wa Yohana haukubali mgawanyo huo, kwani unamwita mwongo anayedai kumpenda Mungu asiyemwona na huku akimchukia ndugu anayemwona. Ikiwa hivyo ndivyo kwa upendo, ndivyo pia kwa tumaini: anayesema kwamba amemwachia Mungu maisha yake, na papo hapo hawezi kuacha mlango wake wazi kwa jirani wa kabila jingine, bado yuko mwanzoni mwa safari, hata kama anafunga na kukesha.

Njia ya kulijenga upya tumaini la namna hiyo ni ndefu na haina fahari. Mwaka 1961 maaskofu Wakatoliki wa Kongo walichagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo za waamini, ambazo mashariki mwa nchi huitwa mashirika, ambamo majirani wa kaya chache husoma Neno pamoja, hutembelea wagonjwa, husaidiana katika matanga na kusuluhisha ugomvi. Katika makanisa ya Kiprotestanti kazi hiyo hubebwa na kwaya, vikundi vya akina mama na vikundi vya sala. Watu wanapohama kwa makundi, makundi hayo huhama nao; ndiyo maana mojawapo ya kambi za Mugunga, karibu na Goma, ilijulikana kwa jina la 8e CEPAC, yaani kwa jina la jumuiya ya Kipentekoste iliyotokana na kazi ya wamisionari Waswidi walioingia Kongo mwaka 1921. Tarehe 3 Mei 2024 makombora yaliangukia eneo hilo la kambi, yakaua watu wengi, wakiwamo watoto. Waliokaa katika mazingira hayo na bado wakagawana unga, wakaziba vibanda vya wenzao na kusali kwa lugha ambayo wote waliielewa, walifanya mazoezi ya tumaini ambayo hakuna chuo cha teolojia kinachoweza kuyatoa.

Kinyume cha njia hiyo ni ile ya mkato, inayoahidi kwamba sadaka ya kiasi fulani au mfungo wa siku fulani utamlazimisha Mungu afungue mlango wa kazi, wa visa au wa ndoa. Haihitaji maneno mengi. Anayemtumaini Mungu kwa sharti la tarehe hajamtumaini bado, na umaskini wa anayedanganywa kwa njia hiyo unaongeza uzito wa kosa la anayemdanganya.

Wapo Wakristo wa maeneo ya jirani na Masisi ambao maisha yao yanaonyesha saburi na ukweli vikikaa pamoja. Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni na baadaye askofu mkuu wa Bukavu, alitoa ujumbe wa Noeli ya mwaka 1999 uliowataja waziwazi wanaoinyonya nchi, wageni na wenyeji, na kuwaalika waamini wapinge uovu huo kwa njia ya Injili, bila silaha. Tarehe 12 Februari 2000 watawala waasi wa wakati huo walimzuia asirudi jimboni kwake, naye akakaa Butembo kwa miezi saba. Waamini wa Bukavu hawakuchukua silaha na hawakunyamaza, wakadai arudishwe mpaka akarudi mwezi Septemba. Alifariki Roma wiki chache baadaye, tarehe 4 Oktoba. Katika mji wa Goma, Floribert Bwana Chui, kijana aliyezaliwa mwaka 1981, mwanachama wa jumuiya ya Sant'Egidio na mfanyakazi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani, alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiingizwe na kuliwa na watu. Akatekwa na kuuawa Julai 2007, na Kanisa Katoliki likamtangaza kuwa mwenye heri tarehe 15 Juni 2025. Ukuaji wa kiroho wa kijana huyo ulikuwa wa kazini, katika muhuri unaogongwa au usiogongwa. Alivumilia vitisho, na hakuuvumilia uongo.

Emmanuel Katongole, padre na mwanateolojia kutoka Uganda, alichapisha mwaka 2017 kitabu kuhusu teolojia ya tumaini barani Afrika ambamo mashariki ya Kongo ina nafasi kubwa, na hoja yake ni kwamba tumaini huzaliwa katika maombolezo, yaani katika kumlilia Mungu kwa sauti na mbele ya watu, bila kulifunika jeraha. Hoja hiyo ina msingi imara katika Maandiko, kwa kuwa takriban theluthi ya Zaburi ni maombolezo, na Yesu mwenyewe msalabani alisali kwa mojawapo ya hizo. Anayelia kwa Mungu amekataa mambo mawili kwa pamoja: amekataa kusema kwamba hali ni njema, na amekataa kusema kwamba hakuna anayesikia. Huko ndiko saburi na tumaini vinakokutana, na mwamini aliyefika hapo amekua, hata kama shamba lake bado liko mikononi mwa wengine.

Viongozi wa Wakatoliki na wa Waprotestanti wa Kongo walipokwenda Goma tarehe 12 Februari 2025, majuma mawili baada ya mji huo kuangukia mikononi mwa M23, kuzungumza na waasi hao kuhusu mapatano ya kijamii ya amani ambayo makanisa yaliyapendekeza, walilaumiwa na baadhi ya watu kwamba wanawapa heshima wenye bunduki. Lawama hiyo inaeleweka, lakini hatua yenyewe ilikuwa sahihi, kwa sababu saburi isiyomwendea mtenda maovu na kumwambia ukweli usoni huwaachia wanaoteseka mzigo wote wa kusubiri. Kinachobaki ni mimbari za kila Jumapili. Makatekista, wachungaji na mapadre wa Masisi na Walikale na waisome sura ya 5 ya Yakobo kuanzia aya ya kwanza, wafundishe watoto zaburi za maombolezo kabla ya kuwafundisha methali za kuvumilia, na wawaache waliopoteza mashamba waseme kanisani yaliyowapata. Nao wanaohubiri saburi kutoka Kinshasa, Kigali, Nairobi au Brussels, ambako risasi hazisikiki, wawahubirie kwanza wenye silaha na wanunuzi wa madini.